Risasi Iliyobaki Ndani ya Pembe



Kila tukutanapo hapa Maskati hutajwa biashara ya pembe za ndovu iliyowavusha bahari wazee wengi wa Omani na kuwafikisha Tabora, Ujiji na Manyema. Huhesabiwa frasila, na jina la Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, halikosekani. Lisilotajwa ni kile kilichotokea baada ya risasi kumpata mnyama. Nimeona inafaa kulieleza jambo hilo, kwani gharama ya biashara ile ilianzia hapo.

Neno letu "risasi", lenye asili ya Kiarabu, ni jina la madini na pia la kile kitokacho bundukini. Zama za misafara vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Mwindaji aliyeyusha madini juu ya makaa, akayamimina katika kalibu, akapata gololi, kisha akaishindilia juu ya baruti katika mtutu wa gobori. Risasi ni nzito na huyeyuka kwa wepesi. Lakini ni laini mno. Gololi ya duara hupoteza kasi upesi, na ikigonga mfupa mkubwa hubonyea, ikawa bapa, ikasimama kabla ya kufika ilikokusudiwa.

Ubongo wa ndovu umekaa nyuma sana ya paji lake, umekingwa na mfupa wenye vishimo vingi mithili ya sega la nyuki. Mbele ya ngao hiyo, gobori lilijeruhi kwa urahisi kuliko lilivyoua. Kwa hiyo wawindaji, wakiwemo Wamakua waliosifika kwa kazi hiyo, walilazimika kumkaribia mnyama kwa hatari kubwa, au kumfuata majeruhi mwendo mrefu. Wengine walitumia gololi za chuma. Naye Mwingereza Samuel Baker, aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alichanganya risasi na zebaki ili iwe ngumu zaidi.

Ushahidi umo ndani ya pembe zenyewe. Pembe ni jino, na shina lake lililo ndani ya fuvu lina uwazi wenye nyama hai. Gololi ikiingia humo na mnyama akapona, jino huizungushia tabaka mpya. Na kadiri pembe inavyokua, gololi husogezwa mbele pamoja nayo. Ndiyo maana wakataji wa Ulaya na Marekani, waliochonga funguo za piano, waliweza kukuta risasi katikati ya pembe ngumu, pasipo tundu lolote nje.

Mwishoni mwa karne ya 19 zilikuja baruti isiyo na moshi na risasi zilizovikwa ganda gumu. Risasi yenye ncha laini hufumuka mwilini, nayo huwafaa paa na swala. Kwa ndovu ilihitajika isiyofumuka, ipenye mfupa bila kupinda. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Kisha kwa risasi za milimita 7 tu, zenye uzito wa gramu 11 hivi, aliua mamia ya ndovu.

Silaha hizo hazikugawanywa sawa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiwafikie wenyeji wa Afrika, bali uliwaachia magobori kwa masharti. Maskati haikuwamo katika eneo la mkataba huo; biashara yake ya bunduki, zilizopelekwa zaidi Uajemi na mipaka ya Afghanistan, ilistawi mpaka ghala la serikali lilipoanzishwa mwaka 1912.

Gobori lilimwacha ndovu akienda na risasi mwilini. Bunduki mpya haikumwacha kabisa. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe ya kimataifa, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliopendekeza.

Basi tunapowasimulia watoto wetu ushujaa wa misafara, tuwaambie pia kwamba frasila zilipima pembe zilizofika pwani tu. Hazikupima mabega ya wapagazi na watumwa waliozibeba, wala maumivu ya wanyama waliotokomea porini na risasi zao. Kuwaheshimu wazee si kuficha upande huo. Ni kuipokea khabari yao kamili, kama pembe ilivyoihifadhi gololi.