Kauboi Aliyeingia Akilala

Trinity anaingia kwenye filamu yake amelala. Farasi anamburuta kwenye machela ya miti, vumbi tele, bunduki ikining'inia kizembe. Anafika kituo cha njiani, anafuta kikaango kizima cha madondo, na hana haraka na mtu. Hiyo ni Italia, 1970.

Sikuelewa utani huo hadi niliporudi kutazama Django, ya 1966. Huko Franco Nero anaburuta jeneza matopeni, na maiti ni nyingi hadi unachoka kuhesabu. Aliyeshika kamera ya Django ni Enzo Barboni. Aliyeongoza Trinity ni Barboni huyo huyo! Miaka minne tu, na shujaa aliyeburuta jeneza sasa anaburutwa yeye, usingizini.

Watazamaji wa Italia walijaa kumbini. Mwaka 1971 wakaletewa sehemu ya pili, nayo ikavuna pesa zaidi. Pambano kubwa la mwisho la ile ya kwanza ni la ngumi, na Bud Spencer, aliyewahi kuogelea Olimpiki, anashusha makonde kama anayetwanga mahindi. Wapo wanaosema kicheko hiki kiliua filamu za kikauboi za Kiitaliano. Mimi naona zilikuwa mahututi tayari.

Niliitazama kwa mjomba, wiki niliyoacha chuo. Alicheka hadi akakohoa, kisha akanigeukia.

"Huyo si ni wewe?"

Sikumjibu. Trinity alikuwa bado anakula.