Figo mpya na dawa ya virusi: usiiache kwa kujiona mzima

Jamii yetu ikichangishana pesa za kumpandikiza mtu figo, mazungumzo huwa ni ya upasuaji na ya mtoaji. Leo nataka kuzungumzia kidonge ambacho hakitajwi sana, nacho ndicho huilinda figo hiyo miezi ya mwanzo.

Aliyepewa figo hunywa dawa za kushusha kinga ya mwili, ili mwili usiikatae figo ya mwenzake. Kinga ikishuka, virusi vilivyolala huamka. Kinachosumbua mno ni saitomegalovirasi, kwa kifupi CMV. Wengi wetu tulikipata utotoni bila kujua, nacho hakitoki tena mwilini. Chaweza pia kuingia pamoja na figo yenyewe. Kikiamka huleta homa, uchovu na kuharisha, na huweza kudhuru mapafu, macho hata figo mpya.

Ndiyo maana mtoaji na mpokeaji hupimwa damu kabla ya upasuaji. Aliye hatarini zaidi ni yule asiyewahi kuwa na CMV, akapewa figo ya mwenye nacho. Huyo kwa kawaida hupewa valgansiklovia kila siku. Utafiti uliochapishwa 2010 uliwalinganisha wagonjwa wa aina hii: katika mwaka wa kwanza, asilimia 36.8 ya waliotumia dawa siku 100 waliugua CMV, lakini waliotumia siku 200 ni asilimia 16.1.

Tahadhari zipo. Dawa hii hupunguza chembe nyeupe za damu, na kipimo chake hutegemea nguvu za figo, kwa hivyo usikose kupimwa damu. Yaweza kudhuru mimba. Na ukiambiwa dukani uchukue asiklovia kwa kuwa ni nafuu, kataa. Hiyo ni nzuri kwa tetekuwanga na mkanda wa jeshi, ila kwa CMV ni dhaifu.

Nawashauri wenye mgonjwa wamuulize daktari mambo matatu: majibu ya CMV ya mtoaji na mpokeaji, dawa itatumika siku ngapi, na itagharimu kiasi gani. Gharama hiyo iingie kwenye mchango tangu mwanzo. Na homa ikija hata baada ya kumaliza dawa, mrudisheni kliniki siku hiyo hiyo.