Eropleni, Ungo, na Macho ya Vikongwe



Katika vijiji vyetu vya Usukuma, hapa Zagayu na kwingineko katika mkoa wa Simiyu, mtoto husikia mapema kwamba viko vitu viwili viwezavyo kumchukua binadamu angani: eropleni na ungo. Eropleni huiona mchana, ikipita juu mno na kuacha mstari mweupe. Ungo hajauona ukiruka hata siku moja, lakini huusikia jioni katika mazungumzo ya wakubwa. Na la ajabu ni kwamba akishakua, aghalabu huujua ungo zaidi kuliko eropleni. Atakuambia unaruka saa ngapi, na nani kaupanda. Muulize eropleni inarukaje, atakujibu kwamba huo nao ni uchawi, ila wa Kizungu. Lau jambo hili lingekuwa la mzaha ningeliacha lipite. Lakini kwa ajili ya ungo watu wameuawa, na kwa hiyo yatupasa tulitazame kwa elimu.

Elimu ya kuruka si ya Wazungu peke yao. Yapata mwaka 875 wa Miladia, katika mji wa Kurtuba huko Andalusia, Abbas bin Firnas alijivika manyoya na mabawa, akajitupa kutoka mahali palipoinuka. Yasemekana alielea hewani kwa muda, kisha akaanguka vibaya akaumia mgongo. Habari hizi tumezipata zaidi kwa al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, kwa hiyo tusizitie chumvi kama wafanyavyo baadhi ya wahubiri wetu. Lakini katika habari hizo mna neno moja la thamani: walioshuhudia walisema kwamba alianguka kwa sababu hakujifanyia mkia, na hali ndege hutua kwa mkia.

Baada yake walipita wengi. Mjerumani Otto Lilienthal aliteleza hewani mara nyingi sana kwa mabawa ya miti na kitambaa, mpaka alipoanguka na kufa mwezi wa Agosti 1896. Kisha ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, wakafaulu tarehe 17 Desemba 1903. Safari yao ya kwanza ilidumu sekunde 12 na urefu wake ulikuwa futi 120, ambao ni mfupi kuliko uwanja wa mpira. Siri yao haikuwa nguvu ya injini tu. Walitazama jinsi ndege anavyopinda ncha za mabawa ili asipinduke, wakatafuta njia ya kuyapinda mabawa yao vivyo hivyo. Waliomtangulia walitaka kupanda juu, lakini hawa walitaka pia kukiongoza chombo kikiwa juu.

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Eropleni ina kiwiliwili wanamokaa watu na mizigo, ina mabawa, mkia, injini na magurudumu. Wengi hudhani injini ndiyo inayoinyanyua. Sivyo, injini huisukuma mbele tu, ama kwa kuzungusha pangaboi au kwa kutupa hewa nyuma kwa kishindo. Kinachonyanyua ni bawa. Mtoto atoaye kiganja dirishani mwa basi la Bariadi (nasi tumkataze) ameshajua nusu ya elimu hii: akikilaza sawasawa hakuna kitu, akiinua kidogo upande wa mbele, mkono hupanda wenyewe. Bawa nalo huwekwa kwa kuinuka kidogo mbele, na mgongo wake umebinuka, hata hewa ipitayo husukumwa kuelekea chini, na kwa kusukumwa huko nayo hulisukuma bawa juu. Juu ya bawa hewa hukimbia upesi na mkandamizo wake hupungua, na chini mkandamizo huzidi. Viko vitabu vya shule vilivyofundisha kwamba hewa ya juu hukimbia ili ikutane na mwenzake wa chini nyuma ya bawa. Hayo si kweli, hewa hizo hazikuwekeana miadi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki somo hili lilionekana wazi mwaka 1915. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika mikoko ya Rufiji, na Waingereza walikuwa hawawezi kuiona kutoka baharini. Wakaleta eropleni za kutua majini, lakini baadhi yake zikashindwa kupaa na mizigo yake, kwa sababu ya joto la pwani. Hewa ya moto ni nyepesi, na bawa lisukumalo hewa nyepesi hupata msaada mdogo. Baadaye zililetwa nyingine na kuruka kutoka kisiwa cha Mafia, zikaelekeza mizinga ya meli, na tarehe 11 Julai 1915 manowari ile ikaangamizwa. Tazama basi: chombo kile kile chaweza kupaa Ulaya na kushindwa Rufiji. Uchawi haujali joto wala baridi, lakini bawa hujali.

Kanda yetu ya Ziwa nayo ilikuwa ya mapema. Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways ilifungua njia ya barua kutoka London hadi Mwanza.

Ama habari ya Serengeti, majirani zetu wa mashariki, yastahili kukaa kidogo. Michael Grzimek, kijana Mjerumani wa miaka 24, alikuwa pamoja na baba yake Bernhard wakihesabu wanyama kwa eropleni ndogo iliyopakwa milia kama punda milia. Kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa, karibu na ncha, mna kibawa kidogo kinachopanda na kushuka. Cha kulia kikipanda cha kushoto hushuka, na chombo huinama upande ule rubani autakao. Mkiani mna vipande vingine: cha kulala huinua au kuinamisha pua, na cha kusimama huigeuza kushoto na kulia. Tarehe 10 Januari 1959 tumbusi aligonga bawa la Michael. Bawa likapindika, nyaya za kuongozea zikakwama, eropleni ikaanguka naye akafa. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Waya uliokwama tu ulitosha.

Baada ya hayo, msomaji, uchukue ungo uupime. Lilienthal, ili aelee mtu mmoja tu, tena kwa kuteremka kutoka kilimani, alihitaji mabawa ya mita za mraba 13 hivi. Ungo wa kupepetea mtama haufiki hata nusu ya mita moja ya mraba. Hauna injini, hauna kibawa, hauna mkia. Urushe dhidi ya upepo: utainuka kidogo upande wa mbele, kisha utapinduka na kuanguka, kwa ila ile ile iliyotajwa Kurtuba.

Najua nitajibiwa. Mmoja atasema: je, upepo haukutiishwa kwa Nabii Sulaiman (A.S.)? Naam, ulitiishwa, na hiyo ni neema Mwenyezi Mungu aliyompa Mtume Wake. Kumpa jirani yako daraja hiyo kwa sababu ng'ombe wako amekufa ni kumkweza mahali asipostahili, kisha kumwua kwa kukwezwa huko. Mwingine atasema sihiri imetajwa katika Qur'ani. Ndiyo, sikanushi. Lakini asome vizuri Suratul-A'raf: wachawi wa Firauni waliyaroga macho ya watu. Na hakuna sheria, ya Mwenyezi Mungu wala ya serikali, inayomruhusu mtu kumhukumu mwenzake kwa dhana, sembuse kwa ndoto ya mgonjwa au kwa kauli ya mpiga ramli aliyelipwa.

Na hao waliohukumiwa ni nani? Tangu miaka ya 1970 na baada yake, katika Usukuma, wengi wao walikuwa wanawake vikongwe, wajane, na ushahidi wa baadhi yao ulikuwa macho mekundu. Basi tuyatazame macho hayo kama tulivyotazama bawa. Sehemu nyingi za kwetu miti imekwisha. Kuni zikikosekana mama hupikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, na moshi wake ni mkali. Bibi wa miaka 70 amepuliza moto huo tangu utotoni. Kijana mwenye nguvu akikaa katika jiko hilo toka adhuhuri mpaka alasiri, hutoka na macho ya rangi ile ile.