Mahari, Kihamba na Fungu la Mwanamke: Dini na Mila Mlimani Meru

Katika Kiswahili cha Arusha, neno mahari linabeba mambo mawili yasiyofanana. Kwa familia ya Kiislamu ya Kaloleni au Ngarenaro, mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe: fedha, dhahabu, msahafu au kitu kingine alichokitaja, na baba yake hana ruhusa ya kukigusa bila ridhaa yake. Kwa familia ya Kiarusha ya Ilboru au ya Kimeru ya Nkoaranga, mahari ni ng'ombe, mbuzi, asali na mablanketi, na vyote huenda kwa wazazi na ukoo wa binti. Watu wa pande hizi mbili wameuziana, wameoana na kuzikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Neno moja limewatosha, ingawa chini yake kuna fikra mbili tofauti kuhusu nani mwenye mali, nani mwenye nyumba, na Mungu ameagiza nini juu ya mwanamke.

Wameru ndio waliotangulia mlimani. Walifika kwenye miteremko ya kusini-mashariki miaka zaidi ya mia tatu iliyopita, wakafyeka msitu, wakapanda migomba na kugawana vihamba, yaani mashamba ya migomba ya familia, kwa koo. Waarusha walikuja katika miaka ya 1830 kutoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, wakashika miteremko ya kusini-magharibi. Wao ni watu wa lugha ya Kimaa na wa marika kama Wamasai, ila waliishi kwa jembe. Baadaye Wameru nao waliyaiga marika hayo. Mpaka mwisho wa karne ya 19 hapakuwa na msikiti wala kanisa katika mlima huu. Dini ilikuwa ile ya ukoo, ya mizimu na ya Mungu mmoja aliye juu.

Mungu huyo, kwa Kimaa, ni Engai. Katika lugha hiyo kila jina lina jinsia: ol- ni kiambishi cha kiume na en- ni cha kike, na Engai ni jina la kike. Neno hilohilo ni mvua, na pia ni anga. Si kwamba watu waliamini Mungu ni mwanamke kama walivyo wanawake wa duniani, lakini lugha ya sala ilimwita kwa maneno ya uzazi na malezi, na kazi ya kumwomba kila siku ilikuwa mikononi mwa akina mama. Kwa Wamasai na jamaa zao, alfajiri mama mwenye nyumba aliingia zizini na kibuyu chake, na kabla mtoto yeyote hajaonja maziwa, matone ya kwanza yalirushwa juu kumwelekea Engai, pamoja na maneno ya kuombea watoto, mifugo na mvua. Mwanamume hakuwa na ibada ya kila siku inayolingana na hiyo. Wazee walibariki kwa mate na pombe ya asali, naye oloiboni alitabiri na kutoa dawa, lakini hayo yalikuwa mambo ya shughuli maalumu.

Wanawake walikuwa pia na nguvu ya pamoja. Kulipokuwa na utasa au vifo vya watoto, waliunda msafara uitwao olamal, wakaenda boma kwa boma kutafuta baraka, na hakuna mume aliyeruhusiwa kuwazuia. Mwanamume aliyelikosea tumbo la uzazi, kwa mfano kwa kumpiga mwenye mimba hadi ikaharibika, alivamiwa na kundi la akina mama waliochinja ng'ombe zake bora mbele ya macho yake, na rika lake lilikaa kimya. Anayeeleza mila za Kimaa kama utumwa mtupu wa mwanamke ameiacha nusu ya habari.

Nusu ya pili ni mali. Mke wa Kiarusha alikuwa na nyumba yake, ghala lake na sehemu yake ya shamba, na kama mume alikuwa na wake watatu, kila mmoja alikaa kwake. Alilima, alivuna, alipeleka ndizi na nafaka mpakani kubadilishana na akina mama wa Kimasai kwa maziwa na ngozi. Lakini shamba hilo alilitunza kwa ajili ya wanawe wa kiume. Binti hakurithi ardhi, kwa hoja kwamba ataolewa na kupata ardhi kwa mumewe. Mjane hakurithi pia: alibaki katika nyumba yake chini ya mwanawe, au akachukuliwa na ndugu wa marehemu, na watoto waliozaliwa wakahesabiwa kuwa wa yule aliyekufa. Mila ilimhakikishia makazi, haikumpa umiliki.

Uislamu uliingia Arusha kwa njia ya boma la Wajerumani. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, mlimani Meru, na mashujaa wa Kiarusha na Kimeru. Jeshi la Kijerumani chini ya Kapteni Johannes lililipiza kwa kuchoma nyumba, kukata migomba na kupora mifugo. Tarehe 2 Machi 1900 viongozi 19 wa Kilimanjaro na Meru walinyongwa Moshi, na mwaka huohuo boma la Arusha likajengwa kwa kazi ya lazima. Askari wa boma hilo wengi walikuwa Wasudani na Waswahili, na nyuma yao walikuja wapagazi, mafundi, wachuuzi wa pwani, Wasomali wa biashara ya mifugo na Wahindi wenye maduka. Mji wa Waislamu ukamea miguuni mwa mlima wa watu wasio Waislamu.

Kwa nini Uislamu haukupanda juu? Sababu kubwa inaonekana kuwa rika. Kijana wa Kiarusha alitahiriwa pamoja na wenzake, na kwa tohara hiyo alipata wenzi wa maisha yote, baraza la kesi na nafasi ya kusema mbele ya wazee. Mtoto wa Kiislamu hutahiriwa mapema, nyumbani, bila rika. Pia baraka za wazee zilikwenda na pombe, ambayo Mwislamu haigusi. Kusilimu kulimaanisha kutoka katika baraza la wanaume, na waliofanya hivyo mara nyingi walikuwa wameshahamia mjini. Kwa mwanamke hesabu ilikuwa nyingine. Alikuwa nje ya marika tangu mwanzo, hivyo alichopoteza kwa kuolewa mjini kilikuwa kidogo zaidi, na alichokuta huko kilikuwa na maandishi.

Maandishi hayo ni Sura ya An-Nisaa. Aya ya 4 inaagiza wanawake wapewe mahari yao. Aya ya 11 inampa mtoto wa kiume fungu la mabinti wawili, na ya 12 inampa mjane robo ya mirathi kama marehemu hakuacha mtoto, na thumuni kama ameacha. Aya ya 19 inakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, jambo linalogusa moja kwa moja desturi ya kurithi wajane. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kisha yuko huru kuolewa na amtakaye au kukaa peke yake. Siku ya nikaha, sheikh au mjumbe wake huenda chumbani alikoketi bibi harusi kumwuliza kama ameridhia na mahari yake ni nini, na jibu lake hurudishwa mbele ya walii na mashahidi wawili.

Ukiweka mizani, binti wa mlimani hakupata kitu katika ardhi ya baba, na binti wa msikitini alipata nusu ya kaka yake. Tofauti ya sifuri na nusu si ndogo. Lakini talaka ilikuwa rahisi mdomoni mwa mume wa mjini, na mke aliyeachwa alirudi kwao na vitu vyake tu, wakati mlimani kuvunja ndoa kulimaanisha kudaiana ng'ombe, na wakwe wote wawili walijitahidi kuizuia.

Waislamu wa Arusha wenyewe hawakuwa na sura moja. Wengi walikuwa Wasuni wa madhehebu ya Shafi, lakini kati ya wenye maduka kulikuwa na Mabohora, Waithnaasheri na Waismailia. Imamu wa Waismailia, Aga Khan wa tatu, aliwahimiza kusomesha binti kwanza pale uwezo unapotosha mtoto mmoja, na katiba ya jumuiya yao ya mwaka 1962 ikapiga marufuku mitala. Dini moja, Kitabu kimoja, desturi tofauti kabisa ndani ya mtaa mmoja.

Ulinganisho na Ubudha unasaidia kulielewa jambo hili la dini na mila, na mfano wake uko Tanzania. Wasinhala kutoka Seiloni (Sri Lanka ya leo) walijenga hekalu lao Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20 na kupanda mti wa Bodhi ulioletwa kutoka kisiwani kwao. Ubudha hauna Sura ya An-Nisaa. Buddha aliiacha nyumba yake, na mafundisho yake makuu yanawahusu walioiacha. Hata mama yake mdogo Mahapajapati, anayetajwa kuwa mtawa wa kwanza wa kike, aliruhusiwa kwa masharti manane yaliyomweka chini ya watawa wa kiume. Ndoa si ibada katika dini hiyo, na mgawo wa mirathi haumo katika mafundisho yake. Mambo hayo yaliachiwa mila ya kila nchi. Katika milima ya Kandy, huko Seiloni, binti aliyeolewa ndoa ya diga, yaani kuhamia kwa mume, alipoteza haki ya ardhi ya baba yake. Aliyeolewa ndoa ya binna, mume akahamia kwake, aliibakiza. Mkulima wa Meru angeielewa sheria hiyo bila mkalimani. Mbudha wa Kandy na mwabudu Engai wa Ilboru walikuwa mbali katika imani, lakini kwa ardhi ya binti walisimama karibu, kwa kuwa dini zote mbili ziliiachia mila neno la mwisho. Uislamu ndio uliodai neno hilo kuwa la Mungu.

Ukristo ulirudi mlimani baada ya damu ya Akeri: Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Walutheri walidai mke mmoja, na mwenye wake wengi alikuwa tatizo gumu, maana kumwachisha ni kumvunjia mwanamke nyumba. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana kusoma. Miongo kadhaa baadaye, huko nyikani kwa Wamasai, mapadre Wakatoliki walilenga wanaume na marika yao, lakini waliojaa kanisani walikuwa wanawake. Dorothy Hodgson ameliandikia jambo hilo kitabu kizima. Haishangazi. Waliozoea kumwomba Engai kila alfajiri waliendelea kumwomba chini ya paa jipya. Kanisa la Kilutheri Tanzania liliridhia uchungaji wa wanawake mwaka 1990.

Kilichobana zaidi kuliko mafundisho yote ni udongo. Wajerumani na baada yao Waingereza walikata mashamba ya walowezi kuuzunguka mlima, watu wakabaki wamebanwa kati ya msitu na mashamba hayo. Mnamo Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kudai ardhi yao. Wakati huohuo kahawa ilikuwa imeshaenea. Kahawa ilikuwa ya baba, ndizi za mama. Fedha ya kahawa iliingia mfuko mmoja, na mti wa kudumu ulilifanya shamba kuwa mali ya mtu badala ya ukoo. Kihamba kilipogawanywa kwa wana wanne, kisha kwa wajukuu, hapakubaki kipande cha kumkumbuka mjane wala binti. Hata familia za Kiislamu zenye vihamba ziliona vigumu kuukata mgomba kwa hesabu ya thumuni.

Dola ilijaribu kuzikutanisha njia hizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali chini ya sheria moja, na ikaamuru kwamba talaka ya mdomo peke yake haivunji ndoa bila kupitia baraza la usuluhishi na mahakama. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Kwa mirathi, mahakama za Bara hutazama namna marehemu alivyoishi na alivyokusudia: je, alikuwa mtu wa mila, au maisha yake yalitawaliwa na Uislamu? Kwa Mmeru aliyesali Ijumaa mjini na kunywa kwenye vikao vya ukoo Jumamosi, swali hilo limewagawa ndugu wengi mbele ya hakimu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekwenda mbali zaidi. Mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kutumia au kupata ardhi haina nguvu kisheria, iwe mjane anaomba kwa jina la Engai, la Yesu au la Mwenyezi Mungu. Mjane au binti wa kijijini Meru anaweza kwenda ofisi ya kijiji na kuomba hati ya haki miliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe, na kila mwenye mama au dada mlimani anapaswa kumwambia hivyo kabla ya matanga, si baada yake.