Aliyeshika Kiberiti

Ukitaka kumwangusha mtu hapa Sigalagala, usimwite mwizi. Mwizi hurudisha kuku, akaomba msamaha, maisha yakaendelea. Mwite informa. Sema tu, "huyo ndiye alituchoma kwa polisi," na jina hilo litamfuata hadi matangani.

Juzi nilisikia marehemu Waruhiu Itote akichafuliwa kwa neno hilo. Tulikuwa steji tukingoja matatu ya Kakamega, kijana mmoja wa chuo akasema, "General China? Si ndiye aliwauza wenzake kwa Henderson?" Sikuwa na jibu fupi. Jibu refu ndilo hili.

Itote alizaliwa 1922, akapigana Burma katika jeshi la KAR, kisha akaongoza wapiganaji wa Mau Mau Mlima Kenya. Januari 15, 1954 alipigwa risasi shingoni, akakamatwa. Aliyemhoji ni Ian Henderson wa Special Branch, mzaliwa wa Scotland aliyelelewa Kenya na kuongea Kikuyu kama mwenyeji. Mahojiano yalichukua saa 68. Mwezi uliofuata, mahakama Nyeri ikamhukumu kunyongwa.

Afisa wa ujasusi humshika mtu wake mahali panapouma. Kwa China, palikuwa kitanzi. Lakini maiti haiandiki barua. Serikali ilitaka wapiganaji watoke msituni, na sauti ambayo wangeisikiliza ilikuwa yake. Basi kila mmoja akawa amemshika mwenzake. Machi hukumu ya kifo ikaondolewa, naye akawaandikia wenzake akiwaita mezani. Baadhi ya viongozi walikuja Nyeri kuzungumza. Aprili wanajeshi wa serikali wakapambana na kundi la wapiganaji, wakaua wengi, na mazungumzo yakafia hapo. Aprili 24 ikaanza Operesheni Anvil jijini Nairobi.

Je, aliwauza? Mahojiano yale yaliipa serikali picha ya jinsi vikundi vya mlimani vilivyopangwa. Hilo halifutiki. Halifutiki pia kwamba aliyesema alikuwa majeruhi mikononi mwa watu wenye uwezo wa kumnyonga, na kwamba hakurudi msituni na bunduki kuwawinda wenzake. Wengine walirudi. Henderson aliwatumia wapiganaji waliogeuzwa kumsaka Dedan Kimathi, waliyekuwa wamelala naye baridi moja. Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. China alipelekwa jela ya Lokitaung, alikofungwa Jomo Kenyatta, akakaa kizuizini hadi 1962.

Henderson alipewa nishani. Mwaka 1964 Kenya huru ikamfukuza nchini, naye akaenda kusimamia usalama Bahrain kwa miaka mingi. Itote akapewa kazi ya uongozi katika NYS, kufundisha vijana nidhamu na ufundi, vijana kama hao wanaoshuka steji yetu kila Jumatatu na mabegi yao.

Matatu ilipofika, kijana aliuliza tena, "Sasa mzee, alichoma ama hakuchoma?"

Nikamwambia, "Alisema mengi, ndio. Lakini wewe unamuuliza aliyeungua. Muulize pia aliyeshika kiberiti."

Hakuridhika. Tulibishana hadi Khayega.