Ndege ya Mtumba

Wauzaji wa jeti ndogo huko Marekani hawapendi kusema ndege yao imetumika. Husema ni pre-owned, yaani iliwahi kuwa na mwenyewe. Mfasiri akikutana na neno hilo kwenye mkataba, mkono humpeleka kuandika "ndege iliyomilikiwa awali". Sarufi haina kosa. Ila nenda nalo mnadani Bariadi, mkoani Simiyu, uone nani atakuelewa.

Kiswahili kina mtumba. Zamani mtumba ulikuwa furushi la nguo na bidhaa alilobeba mpagazi wa msafara; maana ya kitu kilichokwisha tumika ilikuja baadaye, na nguo zilizofika zikiwa zimefungwa vivyo hivyo. Simiyu, mkoa wa pamba, unaijua safari ya kwenda na kurudi: pamba hutoka Bariadi na Maswa kwa marobota, nguo hurudi kwa mabelo ya mitumba. Na anayechagua shati pale chini kwenye turubai haulizi lilikuwa la nani. Hugeuza kola, huvuta mshono wa kwapa, huliinua juu aone mwanga unapita wapi.

Ndege nayo hugeuzwa kola. Kola yake ni kitabu cha kumbukumbu, chenye hesabu mbili: saa ilizoruka, na mara ilizopaa na kutua. Hii ya pili, ambayo mimi naiita miruko, ndiyo wanunuzi wageni huisahau. Jeti ikipanda juu, ndani hushindiliwa hewa ili abiria wapumue, na bodi hutanuka kidogo kama mpira; ikishuka, hunywea. Bati linalotanuka na kunywea kila siku huchoka, mwisho hupata ufa. Ndege mbili zenye saa 5,000 kila moja zinaweza zisilingane hata kidogo: iliyosafiri saa mbili mbili ina miruko 2,500, iliyosafiri nusu saa nusu saa ina 10,000. Na safari zetu za ukanda huu ni fupi. Mwanza hadi Nairobi kwa jeti haifiki saa nzima.

(Na jeti hii, business jet ya Kiingereza, usiiite "ndege ya biashara", tafadhali. Kwetu hiyo ni ile inayouza tiketi. Jeti ya shughuli inatosha.)

Neno mtumba halipaswi kumtia mtu aibu. Cessna Citation Bravo, aina ambayo AMREF Flying Doctors wa uwanja wa Wilson, Nairobi, wamebebea wagonjwa, iliacha kutengenezwa mwaka 2006. Anayeitaka leo hana mpya ya kuchagua. Tajiri wa pamba akiipata, bado atapanda gari kutoka Bariadi, apite Lamadi, aifuate Mwanza, maana jeti za namna hii kwa kawaida hutaka lami. Kokoto za moramu huumiza injini.

Basi katika mazungumzo tuseme ndege ya mtumba, na kwenye mkataba tuandike ndege iliyotumika, saa zake na miruko yake zikifuata kwenye mstari uleule. Ukiletewa karatasi ya "iliyomilikiwa awali", usiulize ilimilikiwa na nani. Omba kitabu, uhesabu miruko.