Sampuli za Maumbile katika Michoro ya Rangi za Maji: Amsterdam, Nairobi na Tarime

Wachoraji wengi wa Uholanzi wa karne ya 17 waliweka katika chombo kimoja maua yasiyochanua msimu mmoja. Maria Sibylla Merian, aliyehamia Amsterdam mwaka 1691, alifuata njia tofauti: kitabu chake cha mwaka 1705 kinaonesha wadudu wa Surinam juu ya mimea yao, na kinanukuu maarifa ya wanawake watumwa kuhusu mimea hiyo. Nchini Kenya, Joy Adamson alichora mamia ya mimea kwa rangi za maji. Michoro hiyo huthibitisha umbo la mmea. Hata hivyo, kwa Wakuria wa Tarime, waliotenganishwa na ndugu zao wa Kenya kwa mpaka wa kikoloni, mmea ni jina na matumizi pia. Hayo hayamo katika mchoro; mtafiti atayapata kwa wazee.